Mwalimu wa Masikio na Tivii ya Ubavuni

Mtu mwenye mguu mmoja mzima na mwingine wa kubembeleza hana muda wa kuzunguka, kwa hiyo majina nayataja mapema. Godlisten, mpwa wa tajiri, aliyekuwa meneja wetu: yumo. Fundi Hamisi wa Ngarenaro, aliyechomelea kile chuma: yumo, ingawa anapita mlango mdogo. Mgeni wetu Bwana Faraja kutoka Dar, aliyesema kambi bila mechi ni msiba: yumo, tena amekaa kiti cha mbele. Mmoja tu sitamtaja. Nitamwita kama tulivyomwita wote pale yadi, Mwalimu. Msidhani ni heshima. Heshima niliiacha korongoni pamoja na sufuria yangu kubwa.

Mwalimu hakuwahi kushika chaki. Alikuwa dereva wa kupeleka wageni porini, na alipozeeka kidogo akawekwa pale yadi ya kampuni, Sakina, Arusha, kuwafundisha madereva wapya. Mimi nilikuwa mpishi wa kambi. Mwanamke mpishi wa porini ni kitu ambacho watu hukiangalia mara mbili, na wengi wao mara ya pili hucheka. Mwalimu hakucheka. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unasikia vizuri?" Nikamwambia nasikia. Akasema, "Kupika watakufundisha wengine."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake, masikio. Mlutheri alikuwa Jumapili tu. Tukifika kambini alizima injini, akavua kofia, akaweka kidole mdomoni. Mlango haufunguliwi, mtu hakohoi. Dakika mbili. Anasikiliza ndege, anasikiliza nyani, anasikiliza majani yanayosogea bila upepo. Baada ya hapo anavaa kofia na kusema, "Haya, wenyewe wametukubali." Wageni walidhani ni sala. Mzungu mmoja alifumba macho dakika zote mbili na mwisho akasema "Amina" kwa sauti, na Mwalimu akamwitikia, maana hakutaka kumvunja moyo.

Vijana wa udereva aliwapanga kwenye gogo la yadi, wamefumba macho, katikati ya kelele za Sakina, halafu anawapitia mmoja mmoja.

"Umesikia nini?"

"Pikipiki, Mwalimu."

"Ngapi?"

"Aa... nyingi."

"Nyingi si hesabu. Wewe?"

"Nimesikia njaa, Mwalimu."

Huyo alimpitisha. Alisema angalau amesikiliza karibu.

Alikuwa na maneno yake. "Simba hasomi kibao." "Gari halina woga, woga utoke nao nyumbani." "Mgeni hulipa kwa ajili ya macho, hurudi kwao kwa ajili ya masikio." Lile la mwisho alilisema mbele ya tajiri, na tajiri akamwambia basi awatoze masikio. Kulikuwa na watu wenye akili pale.

Lakini kulikuwa na sheria yake moja ambayo mimi niliipenda kuliko maneno yote. Alisema: mlango utazame jiko. Gari letu la kambi lilikuwa lori dogo lililogeuzwa nyumba, lina vitanda vinne, friji, bomba la maji na turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni. Vijana waliliita Geto. Mlango ulikuwa ubavu mmoja tu, ule wenye turubai. Ule ubavu wa pili ulikuwa bati tupu kutoka mbele hadi nyuma. Popote tulipoegesha, Mwalimu alihakikisha ubavu wa mlango unaangalia mafiga yangu. Dereva mgeni alipomuuliza kwa nini asiangalie mandhari, kwani wageni wamelipia mandhari, Mwalimu alimjibu hivi, na nakumbuka kila neno:

"Mgeni amekaa. Dereva amesimama. Mpishi ameinama. Mnyama akija, aliyeinama ndiye wa mwisho kujua. Basi huyo mpeni mlango."

Mimi nimezaliwa Kondoa, nimekulia Ngarenaro chumba cha nyuma, nimeolewa nikaachwa, darasa la saba nilimaliza kwa sababu ya uji wa shule. Nimepewa vitu vichache. Mlango nilipewa na Mwalimu.

Na alinifundisha kuutumia. Ninakata vitunguu, hana habari na mimi, ghafla anapiga kelele, "Mbogo!" Natupa kisu, nakimbia. Hatua nane, mkono wa kushoto, kitasa, ndani. Mwanzoni nilimtukana. Baadaye miguu ilizoea yenyewe, ikawa hata akiita "Mboga!" mama wa sokoni Tengeru mimi nageuka kutafuta gari. Wageni walidhani tunawafanyia mchezo, wakapiga picha.

Sasa msije mkamwona malaika. Mwalimu alikuwa na majivuno ya viatu. Buti zake za kahawia alizipaka rangi hata porini, anaketi kwenye kigoda chake asubuhi anazisugua mpaka ng'ombe angejiona humo. Chai yangu aliisifu mbele ya watu na kuilalamikia mbele yangu. Alisema ugali wa kambini lazima uwe mgumu kwa sababu "porini hakuna mahali pa kulegea", halafu kwake Nkoaranga, mkewe aliniambia mwenyewe, anakula mtori, ule mchuzi laini wa ndizi, kila siku kama mzazi. Alipiga marufuku redio ndani ya gari. Alimnyang'anya Godlisten spika ya mkononi akaifungia kwenye sanduku la spana. Alisema, "Sikio la kambi ni moja. Ukilipangisha, usilalamike ukivamiwa."

Na siku moja, ilikuwa Jumamosi, nilimkuta amechuchumaa nyuma ya gurudumu la nyuma, kimya, shavu limegusa tairi.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Nasikiliza upepo wa tairi."

Upepo wa tairi ulikuwa unatangaza kona. Alikuwa na redio ndogo kama sabuni ya hotelini, ameificha kiganjani, na akanitazama kwa macho ya mtoto aliyekutwa na sukari. Niliona raha kumjua mtu kwa upande wa nyuma. Nilidhani udhaifu wa mtu mwema ni pambo. Muulizeni nyonga yangu kama ni pambo.

Tivii aliileta Godlisten. Alitoka Dar kwenye maonyesho fulani, amevaa raba nyeupe, akatukusanya yadi. Akasema mteja wa sasa si yule wa zamani. Mteja wa sasa ni Mtanzania mwenzetu mwenye uwezo, anakuja na familia, na jioni hataki kuangalia moto.

"Moto una nini?" Mwalimu akauliza.

"Moto hauna chaneli, Mwalimu."

"Haujawahi kukatika pia."

Watu tukacheka. Godlisten naye akacheka, halafu akamwita Fundi Hamisi. Fundi akachomelea mkono wa chuma juu ya mlango, chini ya turubai, mkono unaovutwa nje na kurudishwa. Dishi likakaa juu ya paa, king'amuzi kikakaa kwenye kabati langu la viungo. Fundi Hamisi, haki yake nampa, aliuliza swali moja: "Jua la jioni likiipiga hii skrini, mtaona nini?" Godlisten akamwambia yeye achomelee. Akachomelea. Ndiyo maana nimesema anapita mlango mdogo.

Siku hizi vijana wengi wa Arusha wana magari yao, wanaenda kulala nje na familia mwisho wa wiki, na wakipita kwangu kununua vitumbua huniuliza, "Mama Zainabu, wewe umekaa kambini. Tivii ya nje ina faida?" Nawajibu kwa haki, maana mimi si mtu wa kuchukia chuma. Mvua ikikukalisha chini ya turubai siku nzima, inasaidia. Watoto wa mjini wakikaa siku tatu bila kioo huanza kung'atana, hapo pia inasaidia. Wageni hupenda kuangalia picha walizopiga mchana, wakajiona wanamtazama twiga, ili waamini walimwona.

Upande wa pili ni huu. Ilikunywa betri yote, friji ikalala, nikawapa maharage watu walioahidiwa mbuzi. Vumbi lake halifutwi kwa shati, linakwaruza. Msimu wa kumbikumbi skrini ikiwashwa jioni inakuwa kumbikumbi mtupu, mtangazaji unamsikia tu humo ndani yao. Na kuanzia saa kumi jua likigeukia, unawasha unajiona mwenyewe umekaa kwenye kiti, umeshika rimoti. Kama mtu anataka kujua mjinga anafananaje, hiyo ndiyo bei.

Lakini haya yote ni ya ufundi, yanarekebishika. Baya lenyewe ni viti. Moto watu huuzunguka. Huyu anatazama huku, yule anatazama kule, na kila mmoja anaona kilicho nyuma ya mwenzake bila kuambiwa. Tivii watu huipangia mistari kama kanisani, na migongo yote inabaki nje bila mwenyewe. Hilo sikulijua wakati ule. Mwalimu alilijua. Alilisema siku ya kwanza tivii ilipowashwa, tena kwa hasira: "Godlisten, umenipangia wageni kama mahindi."

Baada ya mwezi alikuwa na kiti chake. Mstari wa kwanza, pembeni, ili akitaka aseme hakai.

Sasa siku yenyewe. Kambi ilikuwa mteremko wa magharibi wa Meru, shamba la mtu karibu na msitu, na silitaji kwa sababu ardhi haina kosa. Mafiga yangu yalikuwa upande wa korongo, upande wa machweo, kwa kuwa maji yako huko. Mwalimu aliegesha kama kawaida, mlango ukatazama jiko. Dakika mbili tukazikaa. Bwana Faraja alizikaa akiangalia saa, kwa sababu saa kumi na moja kulikuwa na mechi ya watani wa jadi.

Nilishuka kwa mama mmoja Mwarusha, nyumba yake haiko mbali, kuchukua maziwa na mboga. Niliporudi nikakuta gari limenipa mgongo. Bati tupu. Turubai, viti, mlango, watu, vyote vilikuwa upande wa pili, na juu ya paa naona dishi linanichungulia.

Nikaita, "Jamani, mbona mlango umehama?"

Godlisten akajibu kutoka huko asikoonekana, "Jua, mama! Skrini ilikuwa nyeusi! Huku kuna kivuli!"

"Na mimi?"

"Wewe hauangalii!"

Watu wakacheka. Na Bwana Faraja akaongeza, "Mama mpishi, chakula kikiwa tayari pita tu nyuma, usipite mbele ya skrini!"

Ningeweza kususa. Ningeweza kuhamisha mafiga. Lakini wali ulikuwa umeshatiwa maji, na mpishi mwenye wali jikoni ana bwana mmoja tu. Nikainama.

Mbogo alitoka korongoni, dume la peke yake, lenye matope mgongoni. Simlaumu. Alikuwa anapita kwake na mimi nilikuwa katikati. Nilisikia jiwe likibiringika, nikainua kichwa, tukaonana. Kisu nilitupa bila kufikiri. Hatua nane, mkono wa kushoto.

Mkono ukateleza kwenye bati.

Hapo ndipo watu hushindwa kunielewa. Wananiuliza, si ulikuwa umeona kwamba gari limegeuzwa? Niliona. Nililalamika hata. Macho yalijua, miguu haikuwa imeambiwa. Miguu ilifundishwa na Mwalimu miaka mingi kwamba mlango uko pale, na miguu yangu ilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikawa napapasa bati kutafuta kitasa kama kipofu, na ndipo akanifikia.

Nyonga ya kushoto na mfupa wa paja. Alinirusha, nikaanguka karibu na gurudumu, nikajivuta chini ya lori. Aligonga ubavu mara moja, akatawanya jiko langu, akaondoka na sufuria kwenye pembe kama kofia. Nikalala pale chini nikipiga kelele. Na nikiwa pale chini niliona viatu vyao vyote upande wa pili. Sandali za Bwana Faraja. Raba nyeupe za Godlisten. Na buti za kahawia zilizosuguliwa. Zinaruka. Lilikuwa limeingia goli. Ule mgongo wa bati aliougonga mbogo, Bwana Faraja alisema baadaye, alidhani ni mtu anashangilia kwa nguvu.

Nilisikika wakati wa mapumziko.

Hospitali walinifunga vyuma. Godlisten alikuja mara moja na matunda na karatasi. Karatasi ilikuwa ripoti ya ajali, na alinisomea mwenyewe, kwa sababu alijua nasoma polepole: "Mpishi alitoka nje ya eneo la kambi bila kuaga. Gari lilikuwa limeegeshwa kwa utaratibu." Chini kulikuwa na sahihi yake kama meneja, na sahihi ya shahidi. Sahihi ya shahidi ilikuwa ya Mwalimu. Niliijua. Alikuwa anaipigia mstari chini, kwa majivuno.

Niliwauliza wote gari lilihamaje. Wote walinijibu jibu moja: liligeuzwa. Likageuzwa tu, kama chapati. Na mimi najua, na kila mtu pale yadi anajua, kwamba funguo za Geto zilikaa shingoni mwa Mwalimu kwa kamba ya kiatu, mchana na usiku, na Godlisten hakuwahi kuruhusiwa hata kulisogeza kuoshwa.

Mguu ulinisamehe nusu. Ile karatasi haikunisamehe. Arusha ya kampuni za wageni ni ndogo, ina mlango mmoja na madirisha mengi. Kila nilipokwenda kuomba kazi, hata ya kuketi nikamenya viazi, nilikuta habari imefika kabla yangu. "Si ndiye yule mpishi anayezurura?" Miaka kumi na minne jikoni porini, nikawa mzururaji. Sikutaka pole ya mtu. Nilitaka mmoja tu, yule mwenye funguo, aseme mbele ya watu kwamba sikutoka nje ya kambi. Kambi ndiyo iliyonigeuzia mgongo.

Wiki ya tatu hospitalini mkewe alikuja akiwa amefunga jani la isale kwenye khanga. Kwao Wameru ukipelekewa jani hilo hukatai. Aliyekukosea anaomba radhi, na wewe unamwachia. Nikamwambia, "Mama, mimi ni wa Kondoa. Na jani halisemi kosa." Hakubishana. Alilitia kwenye chupa ya maji pale dirishani. Likakaa kijani wiki mbili, likinitazama, mpaka muuguzi akaja akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia bado haijathibitishwa.

Ikapita miaka sita. Kampuni ilikufa, Godlisten akahamia biashara nyingine ya kuwaambia watu wanataka nini. Mwalimu alistaafu, na kwa kukosa kingine tajiri akampa Geto lenyewe.

Mwaka huu mkewe akanipigia simu. "Mama Zainabu, mzee anakuita. Amesema uje Jumamosi mchana, watu wakiwepo."

Nilitaka kukataa. Neno "watu wakiwepo" ndilo lililonivalisha viatu.

Nkoaranga ni mteremko hata pale wanapoita tambarare. Nilipanda kile kijia na fimbo yangu, nikipumzika kwenye kila mgomba, na watoto wakinisalimia shikamoo kwa kasi ya kunipita. Nilisikia kwa Mwalimu kabla ya kufika: mtangazaji wa mpira, na watu wengi wanabishana.

Geto lilikuwa katikati ya migomba, halina magurudumu, limepandishwa juu ya mawe. Kuku walikuwa wanatoka kwenye dirisha la dereva. Tivii ilikuwa bado kwenye mkono wa Fundi Hamisi, na mbele yake wamekaa watu kama thelathini kwenye mabenchi, na vijana wawili wamesimama wameshika blanketi juu ya skrini kuizuia isipigwe na jua.

"Nyanyua! Upande wako umeshuka!"

"Mkono umechoka, njoo ushike wewe!"

"Hili gari lingegeuzwa tu tungekuwa tunaona!"

Mama mmoja aliyekaa karibu na njia alinisogezea nafasi, akaniambia bila kuulizwa, "Huyu mzee ni mkaidi, dada yangu. Lilipoletwa lilikuwa na magurudumu. Tukaja watu wanane tulisukume litazame kivuli. Akakataa kabisa. Eti mlango utazame jiko. Mke wake ana nyumba ya matofali, mlango wa gari wa nini?"

Nikaangalia. Kweli, ng'ambo ya uwanja lilikuwepo jiko la mkewe, moshi unatoka, na mlango wa Geto unalitazama moja kwa moja. Nilihesabu kwa macho. Zilikuwa kama hatua nane.

Mwalimu alikuwa kwenye kigoda chake, amekonda, buti zinang'aa. Aliniona. Akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Zai. Miguu imekuleta."

"Mmoja na fimbo."

Akainamisha kichwa. Halafu akatoka pale, akaenda moja kwa moja mbele ya skrini, akachukua rimoti akazima sauti, akavua kofia.

"Mwalimu, sauti!"

"Mzee, jamani, si sasa hivi!"

"Kaeni kimya dakika mbili," akasema.

"Dakika mbili mpira umeisha!"

Jua lilikuwa mgongoni kwetu, likimpiga usoni, na kivuli chake kikaanguka kwenye skrini. Picha ikaonekana vizuri kuliko mchana wote, isipokuwa katikati, pale alipokuwa yeye.

Akasema, "Huyu mama alikuwa mpishi wangu. Aliumizwa na mbogo. Iliandikwa kwamba alitoka nje ya kambi."

"Mwalimu, kichwa! Kichwa!"

"Hakutoka. Alikuwa jikoni kwake. Funguo zilikuwa shingoni kwangu. Gari niligeuza mimi, kwa sababu nilitaka kuona mpira. Halafu nikatia sahihi uongo."

"Penati! Jamani, ni penati!"

"Mzee, toka, tunakuomba kwa jina la Bwana!"

Kijana mmoja wa blanketi aliliachia upande wake, likamwangukia Mwalimu begani, akawa amesimama pale amefunikwa nusu kama mgonjwa. Hakutoka. Alikuwa ananitazama mimi, na mdomo wake ulikuwa unarudia maneno yale yale polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameyafikisha: mimi ndiye niliyegeuza. Nilimsikia vizuri. Alinifundisha mwenyewe.

Aliposogea, mpira ulikuwa umeshawekwa katikati ya uwanja. Goli lilikuwa limeingia na watu thelathini hawakuliona. Sijawahi kusikia mzee akilaumiwa namna ile. Hata mkewe alitoka jikoni na mwiko kuuliza nani amekufa. Nkoaranga wataikumbuka siku ile miaka mingi, kama siku Mwalimu alipoziba penati.

Nilitaka asikike na watu. Amesikika na mimi, na labda na kuku. Nilikaa pale nikijiuliza kama hiyo inatosha, halafu nikaenda jikoni kumsaidia mkewe kumenya ndizi, na niliketi nimeupa mlango wa Geto uso.

Kwa hiyo nimeandika, ili walau ninyi msome bila mechi. Mwalimu alisema mwenyewe, amevua kofia, anatukanwa. Jina lake nimemwachia. Fundi Hamisi aliuliza swali, ndiyo maana jina lake nimeliandika mara chache. Bwana Faraja nimemwandika sawasawa na sauti yake. Na wewe, Godlisten, uliyeandika ile karatasi na kunisomea nikiwa nimefungwa vyuma, jina lako nimeliandika kila mahali lilipoenea. Ukitaka lifutwe, tivii ya Nkoaranga bado inafanya kazi. Unajua pa kusimama.